Yasemwayo kuhusu Norwei na Uswidi, na yaliyotokea kweli

Wangari Maathai alikabidhiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004 mjini Oslo, Norwei. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa ile ya Fasihi mwaka 2021 na Akademia ya Uswidi iliyoko Stockholm. Bado kila Oktoba husikika watu wakisema tuzo zote "hutolewa Uswidi", kana kwamba Oslo na Stockholm ni mitaa miwili ya mji mmoja. Alfred Nobel alipoandika wosia wake mwaka 1895, nchi hizo zilikuwa chini ya mfalme mmoja, naye akaagiza Tuzo ya Amani itolewe na kamati ya watu watano wanaochaguliwa na Bunge la Norwei. Miaka 10 baadaye muungano ukavunjika, lakini wosia haukuguswa.

Wengine wakisikia habari za mfalme mmoja hukata shauri kwamba Norwei ilikuwa koloni la Uswidi. Koloni ni neno ambalo sisi tunalijua kwa machungu yake, hivyo tulitumie panapostahili. Januari 1814, Denmaki iliyokuwa imeshindwa pamoja na Napoleon ililazimishwa na mkataba wa Kiel kumwachia mfalme wa Uswidi nchi ya Norwei, kama mtu anayekabidhi shamba. Wanorwei walikataa. Walikutana Eidsvoll, wakaandika katiba yao na kuikamilisha Mei 17, siku ambayo mpaka leo ni sikukuu yao ya taifa. Uswidi ikavamia. Baada ya wiki chache za mapigano pakafikiwa mapatano ya Moss, na Norwei ikaingia katika muungano ikiwa na katiba yake, bunge lake na serikali yake. Vilivyokuwa vya pamoja ni mfalme na mambo ya nje.

Hapo kwenye mambo ya nje ndipo palipokuja kuuma. Norwei ilikuwa na meli nyingi za biashara, na mabaharia wake wakipata shida bandari za mbali walihudumiwa na mabalozi wadogo walio chini ya wizara ya Stockholm. Mwaka 1905 Bunge la Norwei likapitisha sheria ya kuwa na mabalozi wadogo wake. Mfalme Oscar II akakataa kuidhinisha, mawaziri wakajiuzulu, naye hakuweza kupata serikali nyingine. Juni 7 Bunge likatangaza kwamba muungano umekwisha.

Nafika sasa kwenye dhana inayonikera kuliko zote: kwamba waliachana bila taabu kwa kuwa watu wa kule "ni wapole kwa asili". Anayesema hivyo anafuta kazi ya watu waliokesha wakijadiliana huku majeshi yakisogea mpakani. Uswidi ilidai kwanza wananchi waulizwe. Kura ya maoni ya Agosti 13 ilitoa kura 368,208 za kuvunja muungano na 184 za kuubakiza. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura hiyo, wakakusanya wenyewe saini zaidi ya 240,000 za kuunga mkono. Kisha yakaanza mazungumzo mjini Karlstad, Uswidi, yakakwama mwezi Septemba, pande zote zikiita askari. Yaliporejea, kila mmoja alilipa bei yake: Norwei ilikubali kubomoa ngome zake mpya za mpakani, jambo lililowauma wengi, na pakatengwa ukanda usio na jeshi pande zote mbili. Wakakubaliana pia kwamba migogoro ya baadaye ipelekwe mbele ya wasuluhishi wa kimataifa mjini The Hague, Uholanzi. Oktoba Uswidi ikaitambua Norwei kuwa nchi huru.

Ahadi ya The Hague haikuishia kwenye karatasi. Mwaka 1909 walipogombania maeneo ya baharini yenye kambamti karibu na mpaka wao, wasuluhishi waliipa Uswidi eneo la Grisbådarna, na Norwei ikatii.

Wapo pia wanaodai kwamba Uswidi iliisaliti Norwei katika Vita Kuu ya Pili, na wapo wanaodai kwamba iliiokoa. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na nadhani ni haki kuyataja pamoja. Kuanzia 1940 hadi 1943 Uswidi, ikijiita isiyofungamana, iliruhusu askari wa Ujerumani kupita kwa reli zake kwenda na kutoka Norwei iliyokaliwa. Nchi hiyohiyo ilipokea wakimbizi wa Kinorwei wapatao 50,000, na kutoka 1943 ikawafunza maelfu yao kijeshi kwa jina la "polisi". Kinyongo cha treni zile kilidumu kwa wazee wengi wa Norwei.

Leo Wanorwei na Waswidi wana utani kama wa watani wa jadi huku kwetu, kila upande ukimsimulia mwenzake kuwa ndiye mjinga. Mgeni akiusikia hudhani wanachukiana.

Ya mwisho ni kwamba mpaka wao haupo tena. Kwa watu, karibu ni kweli: tangu miaka ya 1950 raia wa nchi hizo huvuka bila pasipoti na kufanya kazi upande wowote. Ila Uswidi iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 1995, na Wanorwei walikataa kwa kura mara mbili, 1972 na 1994, hivyo mizigo lazima ipite forodha. Kwa mkataba wa mwaka 1959 wamegawana vituo katika mpaka huo wa kilomita zipatazo 1,600. Dereva wa lori akifika kituo cha Norwei, afisa wa Norwei hushughulikia karatasi za nchi zote mbili. Akifika cha Uswidi, afisa wa Uswidi hufanya vivyo hivyo.