Patholojia si mochwari

Bibi mmoja wa Uru aliambiwa na muuguzi, "Mama, hii peleka patholojia." Akafika mpaka kwenye benchi la nje ya maabara yetu, akaketi, akaanza kulia. Mkononi ameshika kichupa chenye kinyama kilichotolewa kwenye titi la binti yake. Nikatoka.

"Shikamoo bibi. Kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Si huku ndiko mnakopasulia maiti? Wamenificha nini?"

Binti mwenyewe alikuwa dirisha la dawa, kwenye foleni, anakula ndizi mbivu.

Katika yote ninayoyasikia hapa Moshi, hili ndilo linaloongoza: patholojia ni mochwari. Sishangai, maana wengi neno hili wamelisikia kwenye taarifa za polisi, mwili umepelekwa kuchunguzwa. Lakini maiti ni sehemu ndogo ya kazi. Siku nzima tunashughulika na damu, mkojo, choo, makohozi, maji ya uti wa mgongo na vinyama vya watu walio hai, ambao daktari wao hawezi kuanza dawa mpaka tumjibu.

Kinyama ndicho chenye maneno mengi. "Uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa." Nimeambiwa hivyo na walimu, madereva wa daladala, hata na mtu wa duka la dawa. Wanaosema hivyo wamemwona jirani aliyekatwa kinyama, na baada ya miezi miwili wakamzika. Wasichokiona ni ule mwaka mzima kabla ya hapo, jirani akiukanda uvimbe kwa mafuta na majani. Alifika hospitali ugonjwa ukiwa umeshatembea. Kwa uvimbe mwingi, uwezekano wa sindano kusambaza saratani ni mdogo mno. Ipo michache, kama wa korodani, ambayo madaktari hawaichomi sindano, na wanaijua. Bila kinyama hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika ni saratani ya aina gani, na dawa hutolewa kwa aina.

"Basi mbona majibu wiki mbili? Mmekalia." Wakati mwingine ni kweli tumezidiwa, sitakataa. Lakini njia yenyewe ni ndefu. Kinyama hukaa kwanza kwenye fomalini, dawa ya maji inayokizuia kisioze, mpaka kikaze, kisha kinakaushwa maji kwa spiriti na kugandishwa ndani ya nta. Hapo ndipo tunakikata vipande vya maikromita 3 hadi 5, wakati unywele mmoja wa kichwani ni kama 70. Vipande vinatoka vimeshikana kama utepe, tunaviweka vielee juu ya maji ya uvuguvugu vijinyooshe, tunavizoa kwa kioo, tunavitia rangi ya zambarau na ya waridi. Ndipo daktari wa patholojia anaketi na hadubini. Kikiwa ni mfupa, ongeza siku za kuulainisha kwa asidi.

Kuna kuharibika kunakoanzia njiani pia. Niliwahi kupokea uvimbe uliotumwa kutoka zahanati moja ya mlimani ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Ulipoingizwa ulikuwa laini, ukapita shingoni. Fomalini ikaukaza, haukutoka tena, tukaikata chupa kwa msumeno. Huo angalau ulikuwa na fomalini. Mwingine ulikuja kwenye maji ya chumvi, siku mbili barabarani, umeoza. Hakuna hadubini ya kuusoma huo. Chombo kiwe na mdomo mpana, na fomalini iwe kama mara 10 ya ukubwa wa kinyama.

"Damu chupa tatu, mnaiuza?" Chupa moja ni mililita 3 au 4, na mtu mzima ana kama lita 5. Kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, cha kijivu kinazuia chembe zisiile sukari kabla hatujaipima. Damu hiyo haifai kuongezewa mtu, ikibaki inateketezwa.

Na sasa malaria. "Mashine zenu mbovu, malaria imejificha." Watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi, kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008. Waliohisiwa kuwa na malaria walikuwa 528. Ambao malaria ilithibitika ndiyo iliyowalaza ni 14 tu. Kwa wengi malaria haikuwa imejificha, haikuwepo. Kwa baadhi yao yalionekana magonjwa ya mifugo na panya: homa ya mgunda, brusela, homa ya Q. Ukinywa maziwa mabichi au ukizalisha mbuzi kwa mikono mitupu, mwambie daktari kabla hujatulaumu sisi. Homa isipoondoka, pima tena, maana kipimo kimoja kinaweza kuwakosa wadudu wachache. Na kile cha kitone cha kidole kinaweza kuendelea kusoma malaria wiki kadhaa baada ya kupona, kwa sababu baadhi ya vipimo hivyo vinatafuta protini ya mdudu, nayo hubaki kwenye damu.

Ndugu yake malaria ni taifodi. "Imesoma moja kwa mia na sitini!" Hayo ni majibu ya Widal, kipimo cha damu cha taifodi cha mwaka 1896, na kinachotafuta ni kinga ya mwili. Kinga inaweza kuwa ya ugonjwa wa zamani, au ya kijidudu kingine kinachofanana. Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye joto vijidudu vilivyomo vikue, nayo inachukua siku kadhaa. Ila damu ichukuliwe kabla ya dawa. Wengi wanatufikia wameshameza sipro, dawa ya kuua bakteria, siku tatu, vijidudu vimepigwa nusu, chupa inakaa kwenye joto siku tano na hakuna kinachoota.