Ushauri wa Usalama Mtandaoni Uliopitwa na Wakati

Karibu kila dhana potofu nitakayoitaja hapa iliwahi kuwa ushauri mzuri. Kuna wakati kirusi kilijitangaza chenyewe kwa kuifanya kompyuta iwe nzito, barua ya tapeli ilijaa makosa ya tahajia, na tovuti feki haikuwa na alama ya kufuli kando ya anwani yake. Tukafundishana kuangalia dalili hizo. Wahalifu nao wakajifunza kuziondoa, na sisi tukaendelea kufundishana zile zile. Hilo ndilo linaloniuma: watu waangalifu kabisa wanalinda mlango ambao mwizi ameacha kuutumia siku nyingi.

"Tovuti yenye kufuli ni salama"

Kufuli lile lina maana moja tu: mazungumzo kati ya kivinjari chako na tovuti yamefichwa, aliye katikati hawezi kuyasoma. Halisemi lolote kuhusu aliye upande wa pili. Zamani cheti kinacholeta kufuli kilikuwa cha kulipia na chenye usumbufu, hivyo matapeli wengi hawakuhangaika nacho. Tangu mwishoni mwa 2015 huduma iitwayo Let's Encrypt inavitoa bure kwa yeyote, kwa dakika chache. Ni hatua njema, na imewalinda watu wengi wasisikilizwe ovyo, lakini tapeli naye anapata cha kwake. Mwaka 2023 Google iliiondoa alama hiyo kwenye kivinjari chake, Chrome, kwa sababu hiyo hiyo kwamba watu waliielewa visivyo.

Kinachofaa kusomwa ni jina la tovuti, na lisomwe kutoka kulia. Chukua anwani hii: benkiyangu.com.uhakiki-sasa.net/ingia. Tafuta mkwaju (/), kisha rudi nyuma. Mwenye tovuti ni aliyesajili uhakiki-sasa.net. Yale maneno "benkiyangu.com" yaliyotangulia ni mapambo, yeyote anaweza kuyabandika.

"Barua ya tapeli inajulikana kwa lugha yake"

Akili mnemba inaandika barua safi kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Lakini hata kabla yake, barua za hatari zaidi zilikuwa zile zinazoingia katikati ya mazungumzo ya kweli.

Inakwenda hivi. Mhalifu anapata nywila ya barua pepe ya muuzaji fulani. Haharibu kitu. Anaweka kanuni ya kumletea nakala ya kila barua yenye neno "ankara", kisha anasoma kimya kimya wiki mbili, tatu. Anajua mnaitanaje na mzigo utafika lini. Siku ankara inapotumwa, dakika kumi baadaye inaingia barua nyingine, kutoka anwani ile ile, chini ya mazungumzo yale yale: "Samahani, akaunti ya awali ipo kwenye ukaguzi, naomba mtumie hii." Sahihi ni ya muuzaji, nembo ni yake, hata salamu anayoipenda ipo. Hapo kosa la tahajia utalitafuta wapi?

Sura na sauti nazo zimeshaingia humo. Mapema 2024 mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong aliingia kwenye mkutano wa video, akamwona mkuu wake wa fedha pamoja na wenzake wengine. Wote walikuwa wa kutengenezwa. Zikatoka dola milioni 200 za Hong Kong, sawa na takriban milioni 25 za Marekani. Mwanzoni alikuwa ameutilia shaka ujumbe uliomwita. Alipoziona nyuso, shaka ikamtoka.

Kwa hiyo, akaunti ya malipo ikibadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Iliyo kwenye barua hiyo usiiguse.

"Nina uthibitishaji wa hatua mbili, nimemaliza"

Kwanza niseme wazi: usiuzime. Wenye hatua ya pili, yaani namba au idhini inayodaiwa baada ya nywila, wako salama kuliko wasio nayo, tena kwa mbali. Tatizo ni kudhani kwamba njia zote zina nguvu sawa.

Namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi inaweza kuishia kwa mtu mwingine, endapo tapeli atamshawishi mhudumu wa kampuni ya simu ahamishie laini yako kwenye kadi yake. Namba inayotoka kwenye programu ya simu nayo ina pengo lake. Ukurasa wa bandia unapokea nywila yako na saa ile ile kuipeleka kwenye tovuti halisi. Tovuti halisi inaomba namba, ukurasa wa bandia nao unakuomba. Unaandika tarakimu sita, zinapelekwa kabla hazijaisha muda, na tayari kuna mtu ndani ya akaunti yako. Wewe unaona umeingia kama kawaida.

Ipo pia njia ya kuchosha. Septemba 2022 mkandarasi mmoja wa Uber aliletewa maombi ya kuthibitisha kuingia, moja baada ya jingine, hadi akalikubali moja. Mdukuzi akapita.

Kinga iliyosimama imara zaidi ni ufunguo wa siri (passkey) unaokaa kwenye simu, kompyuta au kifaa kidogo cha kuchomeka. Umefungamanishwa na jina la tovuti moja, na kivinjari ndicho kinacholikagua jina hilo. Ukifikishwa kwenye ukurasa wa bandia, ufunguo hautoki, hata kama macho yako yameshadanganyika. Kama huduma yako inautoa, anza kuuweka kwenye barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine zote hurudishwa kupitia hapo.

"Badilisha nywila kila baada ya miezi mitatu"

Hili lilishafutwa. Mwongozo wa 2017 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulishauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa ratiba, bali pale tu inapoonekana imevuja. Ukimlazimisha mtu, anaongeza 1 mwishoni, kisha 2. Bora nywila ndefu, tofauti kwa kila akaunti, na programu ya kuzitunza.

"Nani atahangaika na mimi?"

Mara nyingi hakuna aliyekuchagua. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikigonga kila kamera na ruta iliyoikuta, ikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani isiyozidi sana 60. Ilitosha. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo viliamriwa kuimiminia maombi Dyn, kampuni iliyokuwa ikiongoza anwani za tovuti kubwa, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Wenye kamera zao wala hawakujua.

Nywila zilizovuja hufanyiwa vivyo hivyo: mashine huzijaribu kwenye huduma nyingine mamia kwa mamia.

"Ukilipa, yanaisha"

Zipo programu hasidi zinazofunga mafaili yako na kudai fidia ili yafunguliwe. WannaCry ya Mei 2017 ilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 na kudai dola 300 kwa kila moja. Sasisho la Microsoft la kuziba tundu ilimopitia lilikuwa limetoka miezi miwili kabla. Wakati huo nakala rudufu zilikuokoa. Siku hizi magenge huiba data kwanza ndipo yafunge, kwa hiyo nakala inakurudishia kazi yako ila haizuii siri kumwagwa.

Na malipo hayanunui ukimya. Februari 2024 kampuni ya Change Healthcare ya Marekani iliingiliwa kwa nywila iliyoibwa, kupitia mlango wa kuingilia kutoka mbali usiokuwa na hatua ya pili. Zikalipwa dola milioni 22. Wiki chache baadaye kundi jingine likajitokeza, likidai kwamba data ingali mikononi mwake, na likitaka lilipwe nalo. Watu walioguswa ni takriban milioni 190.

"Wanaonaswa ni wajinga"

Hii ndiyo dhana ninayotamani ife kwanza. Anayenaswa aghalabu ni mtu aliyechoka, mwenye haraka, aliyepata ujumbe unaofanana kabisa na aliokuwa akiusubiri. Tukimcheka, mwenzake atakayefuata atanyamaza, na pesa hugawanywa kwenye akaunti kadhaa ndani ya saa chache.

Yakikufika, pigia benki kabla ya lolote. Kisha, kwa kutumia kifaa kingine, badilisha nywila ya barua pepe na uondoe vifaa vyote vilivyoingia humo. Halafu fungua mipangilio utafute kanuni za kuhamisha barua. Ile iliyowekwa na mhalifu huendelea kumpelekea nakala hata baada ya nywila kubadilishwa, mpaka uifute kwa mkono wako.