Jezi hazifundishi mpira

Jumapili iliyopita, siku tatu kabla ya dirisha la maombi ya ruzuku kufungwa, nilipigiwa simu na mwenyekiti wa klabu moja ya mkoani Tanga. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaingia moja kwa moja kwenye shida yake.

"Mwanangu, andiko nimelisoma, zuri sana. Ila hizo posho za makocha zitoe, tuweke jezi. Mfadhili akiona watu wanalipana atatukata."

Maneno haya nimeyasikia kwa klabu za jogging za Temeke, kwa walimu wa netiboli wa Korogwe, kwa timu za wasichana kule Pangani. Kila anayeyasema anayasema kwa uhakika kabisa, kama anayesoma kanuni ukutani. Naandaa maandiko ya michezo ya jamii kwa mwaka wa tisa sasa, na miaka miwili kati ya hiyo nilikaa upande wa pili wa meza, kwenye jopo la kusoma maombi. Kule niliona maombi mengi yakianguka, na sababu niliyoikuta mara nyingi kuliko zote ni bajeti iliyojaa vifaa huku haina mtu hata mmoja ndani yake.

Msomaji wa jopo hufungua bajeti kabla ya kusoma maelezo. Mimi nilifanya hivyo, na wenzangu pia. Maelezo yanasema wasichana 30, mara tatu kwa wiki, wiki 40. Bajeti inasema jezi, viatu, mipira, kombe, bango la uzinduzi, maturubai ya siku ya mgeni rasmi. Swali linalokuja hapo hapo ni moja: Jumanne saa kumi jioni, nani yuko kiwanjani? Unarudi kwenye maelezo kumtafuta, unakuta maneno mawili, "makocha wanaojitolea". Sawa, wanajitolea. Lakini mwenye bodaboda hajitolei. Mvua ya masika ikianza, na kocha anakaa kilomita saba kutoka kiwanjani, na nyumbani unga umekwisha, kujitolea kule kunaisha wiki ya tatu. Anayekaa kwenye jopo kwa muda amekwisha kuiona hali hii, kwa hiyo anaandika "utekelezaji una mashaka", na ombi linawekwa pembeni.

Mwaka jana niliingia stoo ya klabu iliyopata ruzuku ya vifaa vitupu. Kulikuwa na magunia mawili ya mipira, yote saizi 5, wakati watoto wao wengi walikuwa na miaka tisa na kumi, na umri huo unatumia saizi 4. Kiwanja chao kina miba, na ndani ya miezi mitatu zaidi ya nusu ya mipira ilikuwa imelala. Pampu ilikuwepo, sindano ilivunjika, na hakuna aliyekuwa na jukumu la kununua nyingine. Jezi zilikuwa bado kwenye nailoni, zimepangwa vizuri sana, zikisubiri siku ya mashindano. Nilichukua moja nikaifungua, bado ina harufu ya kiwandani. Watoto waliotajwa kwenye andiko lile walikuwa nje, wanacheza chandimu kwa mpira wa makaratasi, na hakuna mtu mzima aliyekuwa nao.

Sasa hesabu. Nilimwandikia mwenyekiti hesabu hii kwenye meseji, na kila anayeandaa bajeti ningependa aifanye kwa bei za kwake. Tuseme makocha ni wawili. Nauli ya kwenda na kurudi shilingi 4,000 kwa kila mmoja, posho ya kipindi shilingi 5,000. Jumla 9,000 kwa kocha kwa kipindi, yaani 18,000 kwa wote wawili. Vipindi vitatu kwa wiki, wiki 40, ni vipindi 120. Unapata shilingi 2,160,000. Upande wa pili, wasichana 30, kila kipindi saa moja na nusu, vipindi 120, ni saa 5,400 za mtoto kuwa kwenye mazoezi. Gawa. Ni shilingi 400 kwa saa ya mtoto mmoja. Kama wastani wa mahudhurio ni 20 na si 30, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa, ni saa 3,600, na gharama inapanda hadi 600. Iandike hiyo ya 600. Jopo litakuamini zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Kwa wiki ni dakika 420. Vipindi vyetu vitatu vinampa dakika 270. Mfadhili anayeelewa michezo ya jamii ananunua dakika hizo, na hazipatikani dukani. Zinaletwa na mtu mwenye filimbi anayefika kwa wakati.

Najua hofu inatoka wapi. Kwenye miongozo mingi kuna sentensi inayosema "hatugharamii mishahara". Watu wanaisoma, wanafuta kila kinachomgusa binadamu. Hapa ndipo ninaposhindwa kuvumilia, kwa sababu mshahara, posho na nauli ni vitu vitatu tofauti. Mshahara ni malipo ya mwezi kwa mwajiriwa wa taasisi, awepo mradi au asiwepo. Ndio huo wafadhili wengi wadogo wanaukataa, na wana haki, maana hawataki kubeba ofisi yako. Posho ya kipindi inalipwa kwa kazi iliyofanyika siku ile, kwa mradi ule, na kipindi kisipofanyika hailipwi. Nauli hata malipo si malipo, ni kumrudishia mtu hela yake aliyoitoa mfukoni. Mwongozo unaokataa cha kwanza mara nyingi unaruhusu cha pili, na sijawahi kuona unaokataa cha tatu, isipokuwa pale dirisha lenyewe limetangazwa kuwa la vifaa tu. Soma mwongozo mpaka ukurasa wa mwisho. Usipoelewa, waandikie uulize. Wanajibu.

Hofu ya pili ni ukaguzi. "Bodaboda hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi." Kweli, hana. Ndiyo maana kuna fomu ya malipo: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, namba ya pikipiki, kiasi, sahihi ya kocha, sahihi ya mhasibu. Posho lipa kwa simu, ule ujumbe wa muamala ndio ushahidi wako. Ambatanisha karatasi ya mahudhurio ya siku hiyo, majina ya watoto na sahihi ya kocha. Tarehe za karatasi hizo tatu zikifanana, mkaguzi hana neno na wewe. Zisipofanana, hata jezi hazitakuokoa.

Mengine kwa haraka. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba kwa vikundi vya uzalishaji. Unarudishwa. Usiutaje kama ruzuku ya timu. Fedha za FIFA za kuendeleza mpira kwa kawaida zinapitia shirikisho la taifa, na za mshikamano wa Olimpiki zinapitia kamati ya Olimpiki ya nchi, kwa hiyo barua ya klabu ya kata kwenda kwenye makao yao makuu, Zurich au Lausanne, ni kupoteza bando. Na usajili ukamilishe kabla ya dirisha kufunguka, si baada.

Kuna jambo linaninyima raha, na nisingekuwa mkweli kama ningelificha. Nimeona klabu ambazo makocha walikuja miaka sita bila senti, ruzuku ikaingia, posho zikaanza, na ruzuku ilipoisha hakuna aliyerudi kiwanjani. Kwa hiyo mwenyekiti akiniuliza kama posho inaua moyo wa kujitolea, siwezi kumwambia haiui. Imewahi kuua, na andiko nililiandaa mimi. Tangu hapo naweka posho ndogo, karibu na gharama halisi, na naomba klabu iandike mapema mwezi wa kumi na tatu, ruzuku ikishaisha, utalipwa na nani, hata kama ni nauli tu kutoka michango ya wazazi. Mfano ninaoupenda uko Nairobi. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa mtaa wa Mathare kilichoanza mwaka 1987, kiliwapa vijana wanaofundisha, wanaochezesha na wanaosafisha mitaa pointi, na wenye pointi nyingi wakalipiwa karo. Kijana anapata kitu, na kitu chenyewe kinamsogeza mbele. Sijapata klabu ya huku iliyo na uwezo wa kuusimamia mfumo huo, lakini kila mwaka naujaribu tena.

Na lingine ni viashiria, zile namba za kumwonyesha mfadhili kwamba mradi umefanya kazi. Nimeandika mara nyingi kwamba mpira wa miguu utapunguza mimba za utotoni kwa asilimia fulani. Siandiki tena. Klabu yenye wasichana 30 haiwezi kupima kitu hicho, na ikisema imepima, namba imetungwa usiku wa kuamkia siku ya ripoti. Naandika wangapi walihudhuria angalau nusu ya vipindi, wangapi wa mwaka jana bado wapo, na wangapi wameanza kuchezesha wenyewe. Kuna wafadhili wanaotaka ile namba kubwa, na tumekosa hela mara mbili kwa kukataa kuiweka. Iliniuma, hasa kwa watoto wale.

Mwenyekiti alinipigia tena jana usiku, baada ya kuipitia ile hesabu na kalamu yake. Hakutaja jezi. Aliuliza kocha anayetoka mbali alipwe nauli sawa na yule anayekaa nyuma ya kiwanja, au kila mtu kwa kilomita zake. Tulibishana mpaka salio lake likakata, nikampigia mimi. Tumeweka kila mtu kwa kilomita zake, na posho sawa kwa wote.