Pipa la tapentaini linalofungwa kwenye baridi ya Mafinga

Asubuhi ya Julai Mafinga, nyuzi 10 si ajabu. Mtu anayejaza mapipa saa moja asubuhi hutazama kwa jicho, anaona bado pana nafasi, anaongeza. Pipa likifika shingoni anaridhika, na mnunuzi naye akisikia limejaa anafurahi. Hapo ndipo mzigo unapoanza kuharibika, ingawa kuvuja kwenyewe kutaonekana wiki tatu baadaye, juu ya sitaha ya meli, mahali pasipo na fundi wala spana.

Tapentaini inapatikana kwa kuchemsha utomvu wa misindano, ule unaogemwa Sao Hill na mashamba ya jirani. Rozini inayobaki ikishaganda husafiri kama mzigo wa kawaida. Tapentaini yenyewe si hivyo. Kwa Kanuni za IMDG, yaani kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatari baharini, ambazo ni za lazima kwa meli tangu 2004, ni UN 1299 (namba yake ya Umoja wa Mataifa), daraja la 3 (vimiminika vinavyowaka), kundi la ufungashaji III (lile la hatari ndogo), na juu ya hayo imeandikwa kuwa ni kichafuzi cha bahari. Mvuke wake hudaka moto kwenye nyuzi kama 35 za Selsiasi, joto ambalo kontena lililosimama juani Dar es Salaam hulipita bila taabu.

Sasa hesabu ya pipa. Pipa la chuma linaloitwa la lita 210 huchukua kama lita 216 ukilijaza hadi mdomoni. Tapentaini hupanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Ukitia lita 210 ikiwa nyuzi 15, ikifika nyuzi 45 imeshakuwa lita 216. Hakuna hewa iliyobaki ya kubanwa, na kimiminika hakibaniki. Kila nyuzi inayoongezeka inasukuma bati, mshono na kizibo, na kizibo ndicho hushindwa kwanza. Kanuni inataka pipa lisijae kabisa hata yaliyomo yakifika nyuzi 55, na kontena la juu sitahani kwenye Bahari ya Shamu linaweza kabisa kufika huko.

Kwa hiyo jaza kwa mizani, usijaze kwa jicho. Baridi inapunguza ujazo, haipunguzi kilo. Mimi naweka kilo 170 za tapentaini kwa pipa: ni kama lita 197 kwenye nyuzi 15, na kama lita 204 kwenye nyuzi 55. Zinabaki lita 12 za hewa, zinatosha.

Kuna hofu nyingine ambayo watu wa nyanda za juu wanayo, ya pipa kubonyea likishuka pwani. Mafinga iko juu ya mita 1,800, na hewa yake ina mgandamizo wa kilopaskali 82 hivi. Dar ni 101. Lakini pipa lenye kilo 170 halibonyei. Likipata joto la nyuzi 30, tapentaini imepanuka na kuibana hewa ya ndani kutoka lita 20 hadi 17, na hewa yenyewe imepata joto. Mgandamizo wa ndani unakaribia kabisa ule wa Dar. Linalobonyea ni pipa la mwisho, lile la nusu. Humo hewa ni nyingi, haibanwi na chochote, na tofauti inabaki kilopaskali 13 hivi. Kwenye mfuniko hiyo ni sawa na kuweka zaidi ya kilo 300. Bati likijikunja karibu na mshono, pipa hilo limekwisha. Usisafirishe nusu pipa. Tia kilichobaki kwenye chombo kidogo, au kiache kingoje awamu ijayo.

Wapo wanaolegeza vizibo Dar ili pipa “lipumue”. Ni kosa: unaachia mvuke unaowaka kwenye yadi yenye malori yanayonguruma, kisha kizibo kinakazwa tena kwa kukisia.

Kizibo chenyewe kina mambo yake. Gasketi za EPDM, aina ya mpira inayokuja na mapipa mengi, huvimba na kulainika kwenye tapentaini. Agiza za nitrile au Viton. Ukiwa na shaka, izamishe moja kwenye glasi ya tapentaini siku mbili, kisha ibonye kwa kidole. Kaza kwa spana yenye kipimo, ukifuata karatasi ya mtengenezaji wa pipa. Mara nyingi ni nyutoni-mita 40 hivi kwa kizibo cha inchi 2 na 20 kwa kile cha robo tatu. Wakati wa kujaza, waya wa ardhini ushike pipa na bomba kabla ya tone la kwanza, na bomba lifike chini ya pipa ili tapentaini isirushwe hewani. Matambara yaliyolowa yatupwe kwenye ndoo ya chuma yenye maji na mfuniko. Yakirundikwa pembeni huweza kujiwasha yenyewe.

Pipa lisilo na alama ya UN halipandi meli. Alama kama 1A1/Y1.4/150 inasema: pipa la chuma lenye mfuniko usiotoka, linafaa kundi II na III, kimiminika chenye uzito hadi mara 1.4 ya maji, limejaribiwa kwa kilopaskali 150. Pipa lililokuwa la mafuta ya kula si mbadala, hata lingeng'aa vipi. Lebo ya daraja la 3 na ile ya samaki na mti ziwe za sentimita 10 kila upande, na zistahimili miezi mitatu kwenye maji ya bahari. Stika ya printa ya ofisini haifiki huko.

Kabla ya kupakia, fagia kontena na ukague sakafu. Makontena mengi yanayopanda huku huleta mbolea, na punje za naitreti, ambazo hulisha moto, chini ya pipa la tapentaini ni kitu usichokitaka kabisa. Kontena la futi 20 huchukua mapipa 80, arobaini chini na arobaini juu, vizibo vikitazama juu, plaiwudi katikati. Kona za mlima Kitonga, njiani kwenda Dar, zitajaribu ufungaji wako kabla bahari haijaugusa: jaza mianya, funga mikanda safu kwa safu, usitegemee mlango kushikilia mzigo. Nje, bango jekundu la sentimita 25, alama ya kichafuzi na namba 1299 pande zote nne.

Makaratasi: kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali, tamko la bidhaa hatari, cheti cha upakiaji wa kontena kilichosainiwa na aliyesimamia upakiaji, na uzito uliothibitishwa wa kontena lote, unaotakiwa tangu Julai 2016. Kampuni ya meli hulinganisha tamko na karatasi ya usalama. Moja ikisema mvuke unadaka moto kwenye nyuzi 35 na nyingine 38, nafasi yako inafutwa. Kwenye uzito, mapipa 80 ya kilo 189 kila moja (170 za tapentaini na 19 za pipa lenyewe) ni kilo 15,120. Ongeza kontena tupu, kama kilo 2,300. Kinachosahaulika karibu kila mara ni plaiwudi na mikanda.