Unaenda Tokyo? Kabukicho ingia tu, ila mlango chagua mwenyewe

Vijana wetu wanaokwenda kusoma Japani wakija ofisini kwetu kupewa maelekezo ya safari, swali halikosekani, eti Kabukicho, ule mtaa wa starehe za usiku wa Tokyo, pana usalama? Panatembeleka kabisa, hata saa nne usiku, hata ukiwa peke yako, watu wamejaa na taa zinawaka mpaka unasahau kama ni usiku. Shida haipo barabarani jamani, shida inaanza pale unapomfuata mtu aliyekuita.

Jina lenyewe limetoka kwenye kabuki, mchezo wa jukwaani wa Kijapani. Mtaa uliungua kwa mabomu ya 1945, baada ya vita wakapanga kujenga ukumbi wa kabuki pale, 1948 mtaa ukapewa jina kabisa halafu ukumbi wenyewe haukujengwa. Ukitaka ukumbi maarufu wa kabuki nenda Ginza, mtaa mwingine wa Tokyo.

Toka stesheni ya Shinjuku kwa mlango wa mashariki (stesheni ni kubwa balaa, ukitokea mlango mwingine utazunguka sana), tembea dakika chache utaona geti jekundu la taa, Kabukicho Ichibangai. Kichwa cha Godzilla, lile dude kubwa la filamu za Kijapani, kipo juu ya jengo la Toho tangu 2015, na ule mnara mrefu wa ghorofa 48, Tokyu Kabukicho Tower, ulifunguliwa 2023. Piga picha, kula rameni (tambi za mchuzi), cheza gemu, hapo hakuna wa kukusumbua.

Sasa wapiga debe. Pale kuita wateja barabarani ni kosa kisheria, na spika za mtaani zinatangaza kabisa msiwafuate, lakini wapo tu. Sisi Waafrika tunanasa kirahisi kwa sababu baadhi yao ni Waafrika wenzetu, mtu uko mbali na kwenu, unasikia "braza, umetoka nchi gani", moyo unalainika. Anakwambia yeni 3,000 saa nzima, kunywa utakavyo. Anakupandisha kwa lifti ndogo mpaka ghorofa ya tano au ya sita, baa haina hata dirisha, dada anakaa pembeni yako anaomba kinywaji, unakubali, anaomba kingine. Bili ikija ile 3,000 ipo kweli, ila chini yake kuna kiti, huduma, vinywaji vya dada, barafu, kodi, jumla inafika makumi ya maelfu ya yeni, na jamaa wawili wamesimama mlangoni wanakuonyesha ATM ilipo. Wengine wamewekewa kitu kwenye glasi, wameamka asubuhi kadi imeshakamuliwa, na ubalozi wa Marekani umeshawaonya raia wake kuhusu mchezo huo.

Kwa hiyo kadi ya benki iache ulikofikia, tembea na keshi unayokubali iishe, ila pasipoti usiiache maana mgeni wa muda mfupi anatakiwa kisheria awe nayo. Ukishanaswa usisaini kitu, piga 110 au omba mwende wote koban, kile kituo kidogo cha polisi. Polisi wanaweza kusema bili ni madai ya kawaida hawaingilii, lakini angalau hapo hakuna wa kukutisha.

Ukitaka kunywa kwa amani nenda Golden Gai, eneo la baa ndogo ndogo, hapo hapo karibu na hekalu la Hanazono. Vichochoro sita, vibaa zaidi ya 200, vingi viti havifiki kumi, ukikaa magoti yanamgusa jirani. Vingi vina kiingilio, kinaweza kufika yeni 1,000 au zaidi, na mara nyingi kimeandikwa mlangoni, soma kabla hujakaa. Vingine ni vya wateja wao tu, ukikataliwa usichukulie vibaya. Usipige picha ndani bila kuomba, na tipu hawana desturi nayo, ukiacha chenji mezani watakukimbilia wakurudishie. Umri wa kunywa ni miaka 20, nawaambia hasa nyie wa mwaka wa kwanza.

Halafu treni. Zinakatika kwenye saa sita mpaka saba usiku, zinarudi kwenye saa kumi na nusu alfajiri, hapo katikati ni teksi, ambayo kuanzia saa nne usiku inaongezwa asilimia 20. Ukichelewa na hela ni ya mawazo, kuna kapsuli hoteli (unalala kwenye kijichumba cha kutosha mtu mmoja tu) na karaoke za kukesha, bei ya usiku iulizie kaunta kabla hujapewa chumba, na wikiendi huwa ni kubwa zaidi.