Fomu ya skrini: kwa nini upana wake si wa kubahatisha

Fomu ya skrini ni ule ukurasa unaokaa kati ya mtu na kanzidata, yaani ghala la data ndani ya kompyuta. Data zenyewe zimehifadhiwa kwenye majedwali, mistari na safu, mahali ambapo karani hana haja ya kuingia. Anachokiona yeye ni visanduku vya kujaza, maelezo yake pembeni, na vitufe viwili vitatu chini. Anaandika jina la mwanachama, anabonyeza Tab, kitufe cha kibodi kinachomrusha kisanduku kinachofuata, anaandika namba ya simu, na programu inapeleka kila kitu kwenye safu yake. Mifano yangu nitaitoa kwenye Microsoft Access, programu ya kutengeneza kanzidata iliyotoka mwaka 1992, kwa sababu humo hata asiyejua kuandika programu anaweza kuchora fomu kwa kipanya.

Urahisi huo ndio uliozaa fomu mbovu nyingi. Jedwali moja la Access hubeba hadi safu 255, na ukiiachia programu ikutengenezee fomu yenyewe, itazimwaga zote kwa utaratibu zilivyo kwenye jedwali. Karani naye hana habari na jedwali. Anafuata karatasi aliyoishika mkononi. Kama karatasi inaanza na jina, kisha tarehe ya kuzaliwa, kijiji na mrithi, skrini nayo ifuate hivyo hivyo, na Tab iruke kwa utaratibu huo. Angalizo dogo: kisanduku utakachoongeza baadaye huwekwa mwisho wa foleni ya Tab, hata kama umekichora juu kabisa. Usipoipanga foleni upya, mtu atabonyeza Tab akitarajia kijiji, ajikute kwenye mrithi.

Sasa ukubwa, na hapa niliwahi kuumbuka. Nilichora fomu ya chama kimoja cha kuweka na kukopa nikiwa nyumbani, mbele ya skrini pana ya mezani, ikapendeza kweli. Siku nilipokwenda kuwatembelea, nikakuta kwenye kompyuta mpakato yao kitufe cha Hifadhi hakionekani na visanduku vyote vya kulia vimezama nje ya ukingo. Mama mhazini hakuwa amelalamika hata siku moja. Anasogeza fomu kulia, anaandika, anarudi kushoto, mwanachama baada ya mwanachama. Nilipomuuliza, alisema alidhani ndivyo kompyuta zilivyo.

Hesabu niliyopaswa kuifanya ni fupi. Access haipimi fomu kwa pikseli, vile vidoto vinavyounda picha ya skrini, bali kwa inchi au sentimita (kwa ndani hutumia kipimo kidogo kiitwacho twipu, 1,440 kwa inchi moja, takriban 567 kwa sentimita). Windows ikiwa kwenye ukuzaji wa kawaida, asilimia 100, huhesabu pikseli 96 kuwa inchi moja. Kwa hiyo skrini ya pikseli 1366 kwa 768, ambayo bado iko kwenye mpakato nyingi za bei nafuu, ni kama sentimita 36 kwa 20. Lakini mtu mwenye shida ya macho akipandisha ukuzaji hadi asilimia 125, inchi moja inakula pikseli 120, na skrini ile ile inabaki sentimita 29 kwa 16. Bado hujatoa utepe wa menyu juu, upau wa kazi chini, na kidirisha cha orodha kushoto. Mimi siku hizi sivuki sentimita 24 kwa upana na 11 kwa kimo. Access yenyewe hukuruhusu kwenda zaidi ya mara mbili ya upana huo, wala haitakuonya.

Wengi hudhani dawa ni kulitanua dirisha lijaze skrini. Dirisha litatanuka, visanduku vitabaki vilevile, na utakachoongeza ni uwanja mtupu. Tangu toleo la 2007 kuna njia ya kukifunga kisanduku nanga kwenye kingo mbili, ili dirisha likipanuka nacho kipanuke. Inafaa kwa kisanduku cha maelezo marefu. Namba ya simu haina sababu ya kunyooshwa. Mambo yakiwa mengi, yagawe kwa vichupo, yaani kurasa ndani ya fomu zinazofunguliwa kwa kubonyeza majina yake juu: utambulisho huku, michango huku, mikopo huku.

Upana wa kisanduku nao unazungumza. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, namba ya simu 10. Ukivifanya visanduku vyao vilingane eti kwa ajili ya urembo, umemnyima karani ishara ambayo ingemwambia kuwa ameruka tarakimu. Fedha zikae upande wa kulia wa kisanduku na zitenganishwe kwa mikato, ili 1,500,000 isichanganywe na 150,000. Tarehe ioneshe mwezi kwa jina, kwa sababu 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa kompyuta iliyopangwa Kimarekani. Halafu kuna Kiswahili chenyewe: fomu iliyochorwa kwa vifupisho vya Kiingereza haina nafasi ya "Tarehe ya kuzaliwa" wala "Jina la msimamizi wa mirathi". Andika maneno kwanza, kisha pima.

Kwenye rangi sitakawia. Maandishi meusi juu ya weupe yanatosha, na kijivu juu ya kijivu ni kuwatesa watu. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma isiyopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida.

Kuhusu kile kitufe cha Hifadhi kilichozama: kumbe data za mama mhazini zilikuwa zinahifadhiwa, maana Access huhifadhi yenyewe mtu anapohamia rekodi nyingine, yaani mwanachama mwingine. Na ukibonyeza Tab kwenye kisanduku cha mwisho, inakuhamisha bila kukuuliza. Ndiyo maana kulikuwa na wanachama kadhaa ambao michango yao ilikuwa imeandikwa kwa jirani yao wa chini kwenye orodha. Nilibadilisha sifa iitwayo Cycle ili Tab izunguke ndani ya rekodi moja, nikaipunguza fomu, kisha tukakaa naye na daftari, tukarudia kumbukumbu za mwezi mzima.