Filingi Nyeupe Haikutoka kwa Sababu ni Nyeupe

Jumatatu asubuhi, chai yangu ikiwa bado moto, mzee mmoja aliketi kitini, akatoa leso mfukoni, akafungua pindo na kunionyesha kitu kidogo kama chenga ya mchele.

"Daktari, hii nyeupe yenu ni ya wasichana wa kupiga picha. Imetoka nikila githeri. Niwekee ile ya silva."

Wiki ilikuwa na saa moja tu tangu ianze, na huyo alikuwa wa pili kuniambia hivyo. Nyeupe ni urembo, silva ni nguvu. Nairobi nzima inaamini hivyo, kuanzia makarani hadi maprofesa.

Nikaigeuza ile chenga chini ya taa. Upande wa chini ulikuwa laini, unang'aa kama kucha. Filingi iliyoshika jino ikivunjika huacha mabaki ndani ya tundu. Hii ilibanduka nzima nzima kama stika, maana yake haikuwahi kushika. Nikafungua faili nijue ni nani aliyeifanya kazi hiyo mbovu. Ni mimi.

Sasa tuelewane. Silva, yaani amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na haina gundi yoyote. Inakaa kwa sababu tunalichimba tundu liwe pana chini kuliko kwenye mlango wake, ikaganda humo isipate pa kutokea. Unyevu kidogo inauvumilia. Kompositi, hiyo nyeupe, ni rezini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na unga wa kioo, na inategemea kunata. Tunapaka asidi ya fosforiki ya asilimia 37, kwenye enameli, lile gamba gumu la nje la jino, sekunde 15 hadi 30, ujuzi aliotuachia mtafiti wa meno Buonocore mwaka 1955. Tukiosha na kukausha, enameli inabaki na weupe wa chaki, imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gundi inaingia humo, inagandishwa kwa taa ya bluu (ambayo haiui wadudu, tafadhali), kisha ndipo kompositi inafuata.

Mate yakigusa hapo kabla ya gundi, kazi imekwisha. Protini zake zinafunika vile vitundu kwa sekunde chache, na ukipuliza hewa unakausha maji tu, utando unabaki. Inabidi uanze tena na asidi. Mgonjwa wangu mmoja ni fundi wa bodi za magari Kirinyaga Road. Nilipoanza kumweleza, alinikata kauli: "Ni kama kupiga puti kwenye bati lenye mafuta." Nimesomea shahada miaka mitano na sijawahi kulisema vizuri hivyo.

Jino la mzee ni gego la mwisho, chini, mahali ulimi unapofanya fujo. Nililiziba Ijumaa jioni, msaidizi ameshaondoka, nikategemea pamba peke yake. Kuna shuka la raba la kulitenga jino na mate, lipo tangu 1864, na sikulitumia. Wagonjwa hulalamika linawaziba pumzi, foleni inasubiri, nasi tunajiambia pamba zitatosha. Kuna siku zinatosha.

Halafu kuna wale wa "si ni kuziba tu, dakika tano". Kompositi ya kawaida huwekwa kwa tabaka za milimita 2 hivi, kila tabaka na sekunde zake 20 za taa, kwa kuwa mwanga haupenyi mbali na kwa kuwa inaponywea ikiganda, asilimia 2 au 3, inalivuta jino. Gego lenye tundu kubwa linaweza kula saa nzima. Rangi tunaichagua kabla jino halijakauka, kwani jino kavu linajifanya jeupe kuliko lilivyo. Kama ulikulia Nakuru ukinywa maji ya kisima na meno yana kahawia ya floridi, hapo rangi ni mtihani, na asidi nayo inakuwa mvivu.

Je, silva ilikuwa na lake? Ndiyo, na hapa wenzangu hukohoa. Kwenye matundu makubwa ya magego, amalgamu imedumu miaka mingi zaidi, na kuoza upya pembeni mwa filingi hutokea zaidi kwenye kompositi. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku tangu Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona ni lazima, kwa ajili ya zebaki inayoishia kwenye mazingira. Haikuwa kwa sababu ilikuwa dhaifu. Tundu likishuka chini ya ufizi, penye damu isiyokoma, naweka nyeupe na kwenda nyumbani bila amani. Na jino likisisimka kwa maji baridi wiki mbili baada ya kuzibwa, ninazo sababu tatu za kukupa, ila siwezi kukuapia ni ipi.

Nilimrudia mzee siku hiyo hiyo, bure, kwa shuka la raba. Alilala akakoroma. Nikampa karatasi ya rangi aing'ate, nikapunguza palipozidi, nikamwambia arudi ganzi ikiisha akihisi bado panagonga.

"Githeri leo nisile?"

Hilo nalo ni la silva, ndiyo iliyotaka siku nzima kukomaa. Hii ilikuwa imeshaganda kabla hajainuka kitini.

"Kula, mzee. Ila ngoja ganzi ikutoke, usije ukatafuna mdomo wako."